Dua yenye bei

Maalim aliyenisomesha chuoni, Ngamiani, Tanga, alikuwa na hoja moja dhidi ya saksafoni, na mpaka leo sijasikia iliyo kali kuliko hiyo. Hakusema ni chombo cha makafiri, wala hakunitisha kwa moto. Alisema kinywa kimeumbwa kimtaje Mungu, na ukikiziba kwa shaba umekinyang'anya kazi yake. Mpiga dufu mikono yake inapiga na ulimi wake unasoma kasida. Mpiga gambusi anapiga na anaimba. "Wewe na huo mdomo wa bata wako," akaniambia, "utamtaja Mola kwa kiungo gani? Kwa pua?"

Mdomo wa bata ndiyo saksafoni kwa lugha yetu watu wa dansi. Nilicheka, nikaenda mazoezini. Tangu hapo nimepuliza harusini, kwenye baa, kwenye kumbi za pwani hii kutoka Tanga hadi Lindi, na nimetuzwa noti zikabandikwa kwenye paji la uso mpaka jasho likazidondosha. Swali la Maalim halijanitoka. Wala hakuwa peke yake duniani: Papa Pius wa Kumi, alipotoa maagizo ya muziki wa kanisa mwaka 1903, alikataza piano na ngoma ndani ya ibada. Wenye dini wamekuwa wakivitilia shaka vyombo vyetu kwa muda mrefu, na si wote walikuwa wajinga.

Aliyenipa pa kuanzia kujibu hakuwa sheikh wala padri. Ni John Coltrane, Mmarekani mweusi aliyefariki 17 Julai 1967 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 40, bila kuwahi kukanyaga Afrika. Vijana wa bendi hupenda kunikumbusha kwamba mwaka 1958 alipuliza katika kipande kiitwacho Tanganyika Strut, pamoja na Wilbur Harden, kana kwamba hicho ni cheti cha ukoo. Mimi sioni undugu wowote pale zaidi ya jina. Miaka ile wanamuziki weusi wa Marekani walikuwa wakiangalia nchi za Afrika zinavyoelekea uhuru, na Tanganyika ni jina linalojaa vizuri kinywani. Kwa Coltrane mimi natafuta kitu kingine.

Alizaliwa 23 Septemba 1926 katika mji mdogo wa Hamlet, North Carolina, akakulia High Point katika jimbo hilohilo. Babu zake wote wawili, wa kuumeni na wa kukeni, walikuwa wahubiri wa kanisa la Wamethodisti weusi, lile la AME Zion. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyepiga ala za nyuzi kwa kujifurahisha. Coltrane alipokuwa na miaka 12 baba huyo akafa, na katika miezi hiyohiyo michache akafa na babu aliyekuwa akiishi naye. Kijana akashika muziki. Akahamia Philadelphia mwaka 1943, akaingia jeshi la wanamaji akapiga katika bendi yao Hawaii, akarudi, akazunguka na bendi za wakubwa, akina Dizzy Gillespie na Johnny Hodges. Njiani akaokota heroini, na juu yake pombe.

Mwaka 1955 Miles Davis alimchukua kwenye bendi yake, na mwaka 1957 akamfukuza, kwa sababu huwezi kumtegemea mtu anayesinzia jukwaani. Coltrane akarudi nyumbani kwa mama yake Philadelphia, akaacha vyote kwa mkupuo, pombe na unga, bila hospitali. Mkewe Naima, ambaye alikuwa Mwislamu, alisimama naye. Miaka saba baadaye aliandika kwamba mwaka ule wa 1957 Mungu alimwamsha kwa neema yake, na kwamba aliomba apewe uwezo wa kuwafurahisha wengine kwa muziki. Majira ya joto ya mwaka huohuo alikuwa ukumbi wa Five Spot, New York, akipiga na Thelonious Monk, na waliomsikia walisikia mtu mwingine.

Kuhusu ufundi wake nitapita haraka, maana kila mpulizaji anaujua. Mwaka 1959 alirekodi Giant Steps, kipande kinachobadilisha kodi za muziki kwa kasi kiasi kwamba mpaka leo ndicho mtihani wa kumpima mtu kama ameiva. Mwaka 1960 akachukua saksafoni ndogo, ile ya soprano, iliyokuwa karibu imesahauliwa, na baada ya hapo kila kijana akaitaka. Alifanya mazoezi kupita kiasi. Wenzake walimkuta amelala usingizi na saksafoni bado iko kinywani. Ukitaka kujua nguvu zake, sikiliza wapulizaji wa miaka sitini iliyopita, kisha utafute mmoja ambaye hana hata alama yake. Utachoka.

Kilichonishika mimi ni kazi ya siku moja, 9 Desemba 1964, katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey. Walikuwa wanne: Coltrane, McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi, Elvin Jones kwenye dramu. Santuri iliitwa A Love Supreme. Inaanza kwa mlio wa upatu mkubwa, kisha besi inashika noti nne. Coltrane anazichukua noti hizo nne, anazipitisha kwenye funguo zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegonga mlango wa kila nyumba mtaani. Halafu saksafoni inanyamaza na sauti ya Coltrane mwenyewe inaanza kulirudia jina la santuri, silabi nne juu ya noti nne, tena na tena. Aliyewahi kukaa kwenye halaka ya zikri ya tarika ya Kadiria hahitaji kuelezwa hapo pana nini. Sehemu za santuri ni nne pia, na majina yake yanafuatana kama daraja za mtu wa tarika: kukiri, kuazimia, kuandama, na mwisho zaburi.

Mara ya kwanza niliipata kwa kaseti niliyorekodiwa na baharia mmoja, bila jalada. Katika ile zaburi hakuna mdundo wa kuhesabu. Ngoma zinavuma kwa chini, piano inaweka kodi na kusubiri, na saksafoni inasema. Sina neno jingine. Inang'ang'ania noti moja, inainuka kidogo, inashuka mwisho wa sentensi, inanyamaza ivute pumzi, inarudi. Aliyesoma tajwidi ataitambua hali hiyo: pana pa kuvuta, pana pa kusimama, na hakuna anayevuta pasipostahili kuvutwa. Nilijua ni mtu anayeomba. Anaomba nini, kaseti haikusema.

Jalada ndilo lililosema. Coltrane alikuwa ametunga shairi la kumhimidi Mungu na kulichapa ndani ya jalada, na katika sehemu ile ya nne analipuliza. Hakulitungia shairi muziki wa kulipamba. Analisoma kwa saksafoni, neno kwa neno, karibu kila silabi na noti yake. Yeye mwenyewe alidokeza hivyo katika maandishi ya santuri, lakini miaka ilipita kabla ya mtafiti Lewis Porter kuonyesha kwa ushahidi jinsi silabi na noti zinavyolingana. Na shairi lile haliombi vitu. Sehemu kubwa yake ni shukrani.

Hapo hoja ya Maalim inapata jibu lake la kwanza, na ni la kifundi. Ulimi wa mpulizaji haujafungwa. Kila noti tunayotaka isikike peke yake tunaianza kwa ncha ya ulimi kuigusa ridi, kile kijiti cha tete kinachotetemeka ndani ya kinywa, na huko ndiko tunakoita kupiga ulimi. Anayepuliza silabi za dua ulimi wake unafanya kazi ileile ya msomaji, kwa pumzi ileile, kwa vituo vilevile. Kinachopungua ni herufi tu. Huenda Maalim angeniambia kwamba herufi ndizo jambo lenyewe, na asingekuwa amesema upuuzi.

Mtakatifu Augustino wa Hippo, mtu wa Afrika ya Kaskazini, aliyejishtaki katika Maungamo yake kwamba wakati mwingine uzuri wa sauti kanisani humgusa kuliko maneno yanayoimbwa, aliandika pia kuhusu wavunaji mashambani. Wanaanza kuimba kwa maneno, furaha ikizidi wanayaacha na kubaki na sauti tupu. Yeye aliona hiyo ndiyo namna stahiki ya kumshangilia asiyeelezeka. Ni hoja nzuri, ila Coltrane hayumo ndani yake. Wavunaji wa Augustino wanayatupa maneno, Coltrane anayashika, anatunyima sisi tu wasikilizaji. Kaseti yangu ilinipa mtu anayeomba, na ni karatasi iliyoniambia kwamba anashukuru. Kwa sikio pekee nisingeweza kutofautisha dua ya mwenye shida na dua ya mwenye kushiba. Kasoro hiyo ni ya nani? Ya kwangu mimi msikilizaji. Anayeelekezewa dua haihitaji karatasi.

Basi nasema hivi: dua haimilikiwi na anayeisikia pembeni. Sisi tulioko nje ya mazungumzo hayo ni wapita njia waliosikia sauti dirishani. Tunaweza kuguswa, tunaweza kukereka, lakini haikuwa yetu.

Tatizo ni kwamba dirisha lile liliachwa wazi makusudi, na mlangoni pana kiingilio. A Love Supreme ilitolewa mapema 1965 na kampuni ya Impulse, ikawekwa bei, ikauzwa madukani, na kwa santuri ya jazi ikauzwa vizuri sana. Mtu amezungumza na Mola wake, mazungumzo yakabanwa kwenye plastiki na kuuzwa. Waislamu tuna jina la hatari inayokaa hapo: ria, ibada inayofanywa ili watu waone. Walimu wetu waliihesabu kuwa shirki ndogo, na walisema huingia moyoni kimyakimya.

Mimi ninaijua kwa kazi yangu. Ukiwa jukwaani, mama mmoja akainuka na khanga yake, akaja anacheza taratibu na noti ya elfu kumi mkononi, kuna kitu kinatokea kwenye saksafoni yako kabla hujakiamua. Unaivuta noti ya juu. Unairudia ile sehemu aliyoipenda. Unamfuata yeye sasa, wimbo umeuacha. Si dhambi, ndiyo kazi, na watoto wamesoma kwa noti hizo. Lakini nisidanganye kwamba wakati ule nilikuwa nimeelekea kwingine. Vijana wa madrasa wanaosoma kasida kwenye maulidi nao wana bahasha yao na sinia yao ya pilau, na nimewaona wakipandisha sauti mgeni rasmi anapoingia. Pesa haibatilishi ibada. Inaitia majaribuni tu.

Na chombo chenyewe je? Imamu Ghazali ameweka katika Ihya, utunzi wake mkubwa, kitabu kizima kuhusu kusikiliza na hali zinazoupata moyo kwa kusikiliza. Anashikilia kwamba sauti haiingizi moyoni kisichokuwamo, bali huamsha kilichomo. Lakini vyombo vya nyuzi na zumari alivikataza, na sababu yake ndiyo inayonivutia: ni kwa kuwa vilikuwa alama ya walevi, vikafuata hukumu ya mvinyo. Ubaya aliuona kwenye meza iliyo mbele ya chombo, kwenye sauti yenyewe hakuuona. Sasa fikiria saksafoni. Adolphe Sax aliisajili Paris mwaka 1846, ikaenda kwenye bendi za jeshi, kisha ikahamia penye vinywaji na haikutoka tena. Kwa kipimo cha Ghazali imefungwa kabisa. Kisha anakuja mtu aliyeacha mvinyo, akabaki na zumari, na kwa miaka kumi iliyobaki ya maisha yake akawa anaipuliza hiyo zumari kwenye vilabu vya watu wanaokunywa, mwenyewe hanywi. Sijui Ghazali angemwambia nini, lakini naona sababu ya katazo inayumba.

Ushahidi wangu kuhusu ria siutafuti kwenye A Love Supreme, kwa sababu pale kila mtu alipiga makofi. Nautafuta baadaye. Tarehe 28 Juni 1965 Coltrane aliingia studio na watu kumi na mmoja, yeye akiwamo, wakarekodi Ascension, kama dakika arobaini za mlipuko. Niliisikiliza hadi mwisho mara moja, kwa nidhamu. Mwisho wa mwaka huo Tyner akaondoka, akisema hawezi tena kusikia anachopiga katikati ya kelele zile. Jones akafuata mapema 1966. Wale walikuwa ndugu zake wa miaka mitano. Wasikilizaji nao walikuwa wakiinuka katikati ya onyesho na kwenda zao. Coltrane aliendelea, na Alice, mke wake wa pili, akakaa kwenye piano.

Kwa miaka mingi nimewaambia wenzangu: mtu wa ria anahitaji macho ya watu, na huyu aliyapoteza macho hayo na hakugeuka kuyafuata. Alikuwa na njia rahisi ya kurudi. Angerekodi A Love Supreme ya pili, ya tatu, na dunia ingemlipa. Hata ile ya kwanza hakuipiga mara nyingi mbele ya watu. Inajulikana aliipiga Antibes, Ufaransa, Julai 1965, na Seattle Oktoba mwaka huohuo, na mara chache mno nyingine. Aliyejua kwamba dua yake inapendwa akaacha kuirudia, kwangu mimi ana dalili njema.

Mzee mwenzangu mmoja wa bendi, mpiga tarumbeta na Mlutheri wa nguvu, hanikubalii. Anasema kuwachosha watu nako ni kujionyesha, tena kwa kiburi zaidi: yule wa kwanza anataka wamsifu, huyu anataka wasiweze kumfuata. Manabii wa uongo, ananiambia, nao hukimbiwa na watu, na hawawi wa kweli kwa kukimbiwa. Sijapata jibu la kumnyamazisha. Ninachoweza kusema ni kwamba waliomfahamu Coltrane hawamtaji kwa kiburi. Wanamtaja kwa upole, kwa kusema kidogo, kwa kumwalika jukwaani kijana yeyote aliyekuja na saksafoni yake. Miongoni mwa watu kumi na mmoja wa Ascension walikuwamo vijana aliowainua. Mwenye kiburi hagawi nafasi namna hiyo.

Julai 1966 alizunguka Japani. Nagasaki alikwenda kwenye kumbukumbu ya waliouawa na bomu, akaomba. Katika mahojiano huko aliulizwa angependa kuwa nani miaka kumi ijayo, akajibu kwamba angependa kuwa mtakatifu, na akacheka. Wengi hunukuu jibu wakaacha kicheko. Mimi nakitaka kicheko.

Alibakiwa na mwaka mmoja. Na kuna watu waliolichukua jibu lile bila kicheko. Franzo King na mkewe Marina walimwona akipiga San Francisco mwaka 1965, na wanasema walibatizwa kwa sauti. Mapema miaka ya 1970 walikuwa na kanisa, na Coltrane kwao alikuwa Mungu aliyevaa mwili. Mwaka 1981 Alice aliwashtaki kwa kulitumia jina la mumewe. Mwaka uliofuata kanisa la African Orthodox likawapokea, kwa sharti kwamba Coltrane ashuke cheo: si Mungu tena, ni mtakatifu. Wakakubali. Jumapili husali kwa muziki wa A Love Supreme, na picha yake imechorwa kama watakatifu wa Kiorthodoksi, saksafoni mkononi na moto ukitoka ndani yake.

Mwislamu kama mimi hapo anasimama mbali kidogo. Siwacheki, wamelisha wenye njaa na wanapiga vizuri. Ila naona wamelifanya dirisha kuwa kibla. Mtu aliandika kwa mkono wake kwamba sifa zote ni za Mungu, akaipuliza karatasi hiyo mwanzo hadi mwisho, na waliomsikia wakamgeukia yeye. Kama ningeruhusiwa kumwombea jambo moja huko aliko, ningemwombea asiulizwe kuhusu hilo.

Siku hizi vijana wachache huja barazani kwangu baada ya Alasiri kujifunza. Wakishazoea kupiga ulimi nawapa zoezi: kila mmoja aandike mistari michache ya shukrani, yake mwenyewe, asimwonyeshe mtu, kisha aipulize silabi kwa silabi mbele yetu. Wengine huandika kweli. Wengine, najua, wanakunja karatasi tupu na kubuni noti papo hapo. Nimekaa na saksafoni maisha yangu yote na bado siwezi kuwatenganisha kwa sikio. Juzi mmoja alimaliza, akapangusa midomo, akaniuliza, "Babu, hivi hii nayo ina thawabu?" Nikamwambia adhana ya Magharibi imekaribia, akatie udhu, saksafoni ataikuta.